Mahrous bin Khelef, Mchapaji, na Sanduku Lililotoka Ibra

Wasifu huu umesomwa mbele ya jamaa na majirani siku ya tatu ya matanga, Ibra, Alkhamisi tarehe 13 Novemba 1986.

Marehemu Mahrous bin Khelef bin Amur alizaliwa Chake Chake, Pemba, tarehe 9 Machi 1938, akiwa mtoto wa pili wa Bwana Khelef bin Amur na Bibi Azza binti Hamed. Mkubwa wake, Hamed, alimzidi miaka minne. Baba yao alikuwa na duka dogo la nguo na mikarafuu michache upande wa Vitongoji. Ndugu hawa wawili walilala kitanda kimoja mpaka Hamed alipokwenda Unguja kusoma ualimu, na marehemu alikuwa akisema kwamba usingizi mzuri wa maisha yake ulikuwa ule.

Alisoma chuo cha Kurani Chake Chake na akahitimu akiwa na umri wa miaka kumi na moja, kisha skuli ya serikali, kisha sekondari Unguja mjini. Hakuwa wa kwanza darasani, ila mwandiko wake walimu waliutumia kuandikia matangazo ya ukutani. Septemba 1961 alikwenda London kujifunza uchapaji. Alijifunza kupanga herufi za madini ya risasi moja moja kwa vidole, akisoma mistari kinyumenyume, na akawa hodari kiasi kwamba hata uzeeni angeshika gazeti chini juu na kulisoma bila kuligeuza. Alikuwa anasema Kiswahili, Kiarabu, Kiingereza na Kiholanzi kidogo cha kuandikia barua.

Januari 1964 alikuwa London. Habari ilimfikia kwa barua ya mjomba wake iliyochukua wiki tano njiani. Hamed alisimamishwa barabarani Unguja na watu wenye silaha, akapekuliwa, ikaonekana kadi ya chama kilichopinduliwa katika mfuko wa koti. Hakufika nyumbani. Siku habari ilipofika Pemba, Bibi Azza aliwasha moto jikoni akachoma kila karatasi iliyokuwamo ndani ya nyumba: kadi, kalenda, shahada za skuli, barua, na picha. Hakuchagua, kwani kusoma hakujua, na hakuwa na wakati wa kumwita wa kumsomea. Picha ya pekee ya Hamed iliungua humo. Marehemu hakumlaumu mama yake hata mara moja. Lakini tangu siku hiyo hakuweza kutia karatasi motoni, hata karatasi ya kufungia vitumbua.

Yafuatayo wapo jamaa waliotuomba tusiyasome. Tunayasoma kwa sababu mkewe ametaka yasomwe, na kwa sababu yamekwisha kusemwa sana na watu wasioyajua. Shukriya, binti yake wa miaka minane, ameulizwa skuli kama baba yake alikuwa muuza bangi. Tunajibu hapa, mbele ya wote: marehemu hakuuza, hakupanda, hakuvuta. Hata sigara hakuijua ladha yake. Alichokuwa nacho ni sanduku la bati, na habari ya sanduku hilo ndiyo hii.

London alifanya kazi kwa mzee mmoja mwenye kiwanda kidogo cha chapa. Kiangazi cha 1967 waliingia vijana wenye nywele ndefu wakataka vikaratasi elfu mbili vya kuita watu kwenye mkutano bustanini. Walikuwa wanadai sheria ya bangi ibadilishwe, watu wasifungwe kwa ajili yake. Marehemu alizipanga herufi zile mwenyewe. Jumapili ya mkutano alikwenda kusimama kwa mbali, apate kuona askari watafanya nini. Askari walisimama mikono nyuma. Mmoja alikuwa anakula barafu ya maziwa. Msichana akaja akamtia marehemu beji kifuani, beji ya kijani yenye jani, kisha akaenda zake. Marehemu alipanda basi la kurudia nyumbani ameibana beji ile kwa kiganja njia nzima, jasho linamtoka, akingoja mtu amwambie simama. Hakuna aliyemwambia kitu. Konda alimuuliza kama anaumwa kifua.

Kuanzia hapo akawa anakusanya. Bangi haikumhusu. Kilichomhusu ni watu waliovaa kifuani jambo ambalo serikali yao imelikataza, wakalisema mchana, na baadaye wakaenda kula. Aliandika barua Amsterdam, aliandika Michigan, na mwaka 1972, watu wa California walipopigishwa kura juu ya sheria hiyo, aliletewa kwa posta mabango, karatasi za kubandika nyuma ya gari, na fomu za kukusanyia sahihi. Kila kipande alikifunga katika karatasi laini, akaandika kwa mwandiko wake ule: tarehe, mji, kimechapwa na nani. Vilifika mia mbili na kumi na nane. Ukimuuliza ni nini hivi, alijibu neno moja: "Ushahidi."

Alirudi Oman, nchi ya babu zake ambayo hakuwa ameiona, tarehe 4 Machi 1973. Alianza kazi Nizwa, katika chumba cha uchapaji cha ofisi moja, akichapa karatasi za mitihani kwa mashine ya stensili, na sanduku akalitia chini ya kitanda nyuma ya magunia mawili ya mchele. Mwaka 1976 alifungua kiwanda chake mwenyewe hapa Ibra, mashine moja na kabati nne za herufi. Walio hapa leo wengi kadi zao za arusi zilitoka mkononi kwake. Hakuwahi kukosea jina la bibi arusi.

Tarehe 26 Agosti 1976 alimuoa Bi Khole binti Abdullatif, mwalimu wa skuli ya wasichana, mzaliwa wa Tabora, ambaye wazee wake, Bwana Abdullatif na Bibi Turkiya, walirudi Ibra mwaka 1971. Asubuhi ya siku ya saba ya fungate alimfungulia sanduku. Bi Khole akatazama, akatazama tena.

"Unavuta?"

"Wallahi sijapata."

"Basi yote haya ya nini?"

Akamueleza habari ya Hamed na ya ule moto wa jikoni kwao. Bi Khole akainuka. Alilishika sanduku upande mmoja, naye akalishika upande wa pili, wakaliingiza nyuma ya mandusi, kasha kubwa la nguo za arusi yake, pale ambapo mgeni haingii.

Shukriya alizaliwa Ijumaa tarehe 3 Februari 1978. Kama desturi, Bibi Turkiya alihamia kwa binti yake kwa siku arubaini, na wanawake wa mji wakawa wanaingia na kutoka kumtazama mzazi. Siku ya sita Bibi Turkiya alikuwa anatafuta nguo kuukuu laini ya kumfungia mtoto. Bi Khole amelala. Mandusi haina nguo kuukuu. Nyuma ya mandusi, sanduku la bati. Akalifungua, na juu kabisa akakuta kopo la beji za ziada, zote sawasawa, za kijani, katikati jani lenye vidole saba.

Marehemu aliporudi kula adhuhuri alipishana mlangoni na jirani anatoka, na kwenye mtandio wa jirani inang'aa beji ya London ya mwaka 1967. Aliingia hata viatu hakuvua. Mtoto amelala, na beji kwenye kofia yake.

"Mama," alisema, "hizi umezitoa wapi?"

"Kwenye bati lako. Mbona ulituficha, baba?" Bibi Turkiya alikuwa na furaha ya sikukuu. "Kisamvu! Miaka saba sijaliona jani la muhogo kwa macho yangu, mkwe wangu analo kopo zima! Mama wa pale kona amelia. Wallahi amelia. Kasema, Turkiya, hii ni Tabora hii."

"Mama. Umegawa ngapi?"

"Kumi na moja tu. Usinikazie macho, si dhahabu hizo. Wote ni watu wetu wa Bara, wanajua kisamvu. Nikampa na mtoto moja, inapendeza, smati."

Marehemu alikaa chini palepale penye viatu. Bi Khole ameamka, anasikiliza kitandani, amejishika mdomo, na hakuna aliyejua kama anacheka au analia. Baadaye alisema yalikuwa yote mawili.

Siku tatu walizikusanya. Bibi Turkiya alipoambiwa jani lile ni jani gani, alivaa baibui akatoka kwenda mwenyewe nyumba kwa nyumba. Waliafikiana wataje kutu: pini zina kutu, zitawachoma watoto, zinabadilishwa. Mwanamke mmoja alikataa kata kata. "Kutu kitu gani? Yangu ntaipaka mafuta." Ikabidi Bibi Turkiya avue bangili yake ya fedha ampe badala. Zikarudi kumi. Ya kumi na moja ilikuwa imeshafika Al Qabil, kwenye kofia ya mjukuu wa Bwana Humoud, na Bwana Humoud, kabla ya kurudi Oman, alikuwa askari polisi Tabora miaka kumi na saba.

Alikuja Jumanne tarehe 14 Februari baada ya laasiri. Bwana Abdullatif alikuwapo. Bi Khole alikuwa nyuma ya pazia na mtoto, na aliyoyasikia ndiyo tunayoyasoma. Walisalimiana, wakaulizana habari za mvua na za mafalaji, ile mifereji ya maji ya mashambani, tende zikaletwa, marehemu akamimina kahawa. Bwana Humoud alikipokea kikombe kwa mkono wa kulia, akakiweka juu ya mkeka bila kukigusa kwa mdomo. Kila aliyelelewa nchi hii anajua maana yake. Mgeni ana haja, na hatokunywa mpaka mwenye nyumba amwambie umepewa. Mwenye nyumba akisema hivyo, haja imeshakuwa deni la heshima. Asiposema, mgeni hutoka na kikombe hakikunywewa, na nyumba hiyo haina uso tena.

"Kunywa, Bwana Humoud," alisema marehemu.

"Ntakunywa nikipewa." Akatoa beji mfukoni akaiweka kando ya kikombe.

Bwana Abdullatif akaegemea mbele. "Aa, kisamvu. Mke wangu ndiye aliyegawa. Ana hamu ya kwao."

"Abdullatif, nimekamata watu kwa jani hili nusu ya umri wangu. Jani la muhogo ukingo wake umekwenda laini. Tazama hili. Lina meno."

Bwana Abdullatif akalitazama. Akaliona. Akamtazama mkwewe, na kwa mara ya kwanza tangu arusi hakumwita mwanangu.

"Mahrous, umeingiza nini nyumbani kwa binti yangu?"

"Karatasi, baba. Karatasi na beji. Jani lenyewe hamna, naapa kwa Mungu, pekueni."

"Karatasi zenye maneno gani?" aliuliza Bwana Humoud.

"Watu wanadai sheria ibadilishwe. Kwao. Huko Ulaya, huko Marekani."

"Wanadai." Bwana Humoud alilisema neno hilo polepole. "Vita vya kusini vimekwisha juzi tu, miaka miwili. Ujapochapa karatasi ya kudai mvua, atakayeikuta hatoisoma mpaka mwisho. Na juu yake kuna jani hili! Mimi sikuja kukudhuru, kijana. Ningetaka, ningekwenda kwa wakubwa moja kwa moja nisipite hapa. Lakini nililoliona mimi kwenye kofia ya mtoto, kesho ataliona mwengine, na huyo hatokuja kunywa kahawa kwako. Haja yangu ni moja. Nataka sanduku hilo litoke Ibra kabla ya swala ya Ijumaa. Lisirudi tena."

Marehemu alikuwa ameshika dele la kahawa. Hakulitua na hakusema. Nyuma ya pazia mtoto alianza kulia, Bi Khole akamtia nyonyo akanyamaza. Kahawa ikaacha kutoa moshi. Bwana Humoud akaweka mkono gotini, mkono wa mtu anayetaka kuinuka.

"Kunywa, Humoud," alisema Bwana Abdullatif. "Umepewa."

Bwana Humoud alikunywa kahawa ile baridi, akanywa na ya pili, akatikisa kikombe kuonyesha ametosheka, akaaga. Beji akaiacha mkekani.

Walipobaki wawili, Bwana Abdullatif alisema, "Nimekutolea neno langu. Lichome, yaishe."

"Siwezi, baba."

"Huwezi? Bati la makaratasi ya wahuni?"

"Mama yangu alichoma kila kitu. Sura ya ndugu yangu ilikuwa humo. Mimi sasa nikifumba macho simuoni Hamed, naona koti tu. Sichomi tena."

"Basi lifuate wewe. Litoke Ibra nawe utoke nalo. Binti yangu na mjukuu wangu hawaendi kuishi na hilo. Utakapolimaliza, mlango uko wazi."

Hivyo ndivyo marehemu alivyowekwa mbele ya mambo mawili, na alipewa siku mbili za kuchagua. Wapo waliosema alichagua vibaya. Alkhamisi tarehe 16 Februari alifunga kiwanda, akapanda gari la tende liendalo Sur, na sanduku nyuma yake kati ya makanda ya tende. Penye kizuizi cha njia askari alipanda akalifungua. Juu kabisa marehemu alikuwa ametandika kadi za arusi za karibuni, safu mbili, na chini yake, unene wa kidole, ndiyo mabango ya California. Askari akachukua kadi moja, akaisoma, akayasifu mapambo yake. Akauliza zinachapwa wapi, maana ana arusi ya dada yake. Akachukua ya pili akailinganisha na ya kwanza. Kisha akafunika. Dereva alimwambia marehemu mbele ya safari, "Wewe umekuwa mweupe kama mkate wa kumimina."

Sur alikodi chumba kimoja mtaa wa Al Ayjah. Hakuandika barua, kwani aliona barua itakuwa ni kumvuta mzazi kutoka katika siku zake. Ibra watu walihesabu: ataona upweke, atachoma, atarudi. Bwana Abdullatif alisema hivyo kila jioni wakati wa chakula, mpaka wiki ya nne akaacha kusema.

Jumatano tarehe 15 Machi, siku ya arubaini na moja, Bi Khole alitoka chumbani amevaa nguo za safari, mtoto begani.

"Unakwenda wapi?" aliuliza baba yake.

"Kwa mume wangu."

"Nilitoa neno, Khole."

"Umelitoa kwa sanduku, baba, na sanduku limetoka. Mimi si sanduku."

Bibi Turkiya alikuwa ameshafunga vyombo tangu alfajiri na ameshaita gari. Bwana Abdullatif alikaa barazani hakuinuka, ila gari lilipoanza kuondoka aliita, "Mfunike mtoto, kuna vumbi."

Maisha yao ya Sur yalikuwa miaka minane na miezi minane. Kiwanda kilifufuka, kikawa na mashine mbili. Bi Khole alisomesha. Mtoto wao wa pili, Khalaf, alizaliwa tarehe 20 Juni 1981, na kwa ajili ya mjukuu mwanamume huyo Bwana Abdullatif alikubali kufika Sur kwa mara ya kwanza. Siku ya tatu aliomba aonyeshwe sanduku. Alivaa miwani, akakaa nalo kutoka asubuhi mpaka adhuhuri, akisoma kile Kiingereza kipande baada ya kipande, akirudisha kila kitu katika karatasi yake kwa uangalifu.

"Na hawa waliovaa hizi," aliuliza, "walifanywa nini?"

"Wengine walifungwa, baba. Wengine walitozwa faini. Wengi walikwenda nyumbani kula."

Bwana Abdullatif alivua miwani akaifuta kwa muda. "Wana bahati," alisema. "Hawajui."

Maradhi ya figo yalimwanza marehemu mwaka 1984. Alikuwa akipelekwa Muscat kutibiwa na kurudi, na njia ile ndefu aliipita akisoma, gari linarukaruka. Ibra alikuwa akiipita bila kushuka. Hakuna aliyemkataza kushuka. Alisema tu kwamba hana haraka. Oktoba mwaka huu hali ilimzidi. Alimwita mkewe akamuagiza azikwe Ibra, karibu na wakwe zake, kwa kuwa yeye hana kaburi la mtu wake hata moja analolijua lilipo. Akaongeza, "Mimi nipelekeni. Sanduku libaki hapa. Neno la baba yako lisivunjwe kwa ajili yangu." Alifariki dunia Sur, nyumbani kwake, Jumanne tarehe 11 Novemba 1986 kabla ya jua kutoka, akiwa na umri wa miaka arubaini na minane, na alizikwa Ibra siku hiyo hiyo baada ya laasiri.

Bwana Humoud alikuwa miongoni mwa walioshuka kaburini kumpokea. Juzi, mbele ya wanaume wote waliokuwa matangani, alisema: "Nililolitaka kwa Abdullatif ninalirudisha. Nililitaka kwa hofu, na hofu ile ilikuwa ya kweli wakati ule. Leo namuachilia. Sanduku likitaka kuja Ibra, na lije." Bwana Abdullatif akapiga simu Sur, ambako Bi Khole amekaa eda pamoja na mama yake na watoto, akamueleza. Bi Khole akajibu, nasi tuliagizwa tulisome jibu lake kama alivyolisema:

"Mwambieni Bwana Humoud Mungu amlipe. Halirudi. Nimekaa nalo hapa miaka yote hiyo, na watoto wamejua kusoma kwalo. Yeyote mwenye shaka na mume wangu asimuulize Shukriya skuli. Aje Sur, mchana, aniulize mimi. Nitamfungulia."

Marehemu ameacha mke, Bi Khole binti Abdullatif. Watoto wawili, Shukriya na Khalaf. Wakwe zake, Bwana Abdullatif na Bibi Turkiya. Na mama yake mzazi, Bibi Azza binti Hamed, aliye hai Chake Chake, ambaye habari imepelekwa kwake kwa simu ya upepo na jibu lake bado halijafika.

Ewe Mola, umsamehe Mahrous bin Khelef, umpanulie kaburi lake, umkutanishe na ndugu yake Hamed aione tena sura yake, na umpe huko amani aliyoitafuta miongoni mwa watu. Amin.